Niligeuza Maneno ya Bibi wa Mtoni

Makambako, 4 Machi 1957

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba unisaidie kwa haraka, maana siku zinakwisha na sina mtu mwingine wa kumweleza haya. Majina yote humu nimeyabadili, na mto wenyewe sitautaja, kwa kuwa wanaoujua watanijua na mimi. Wewe niite Mama Ema. Anwani yangu ya kweli nimeiandika kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha, nakuomba uichome ukishaisoma.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa hapa Makambako na mume wangu Elieza ambaye ni karani wa ghala, baba yangu alikuwa Mbena na mama yangu ni Mkinga wa Bulongwa, kwa hiyo nimekua na lugha mbili mdomoni na ya tatu ndiyo hii Kiswahili niliyofundishwa shule ya misheni mpaka darasa la sita, na hapa akija mgeni kutoka milimani asiyejua Kiswahili watu huniita mimi nisimame katikati, dukani, kanisani, hata kwa mganga wa zahanati, na zamani niliipenda kazi hiyo, niliiona ni heshima, lakini sasa nikiitwa tu kwamba Mama Ema njoo utusaidie, huyu anasemaje, natafuta kisingizio cha kuondoka.

Mwaka jana, mwezi kama huu, nililetewa habari kwamba mama yangu anaumwa sana Bulongwa na nisipofika upesi sitamkuta. Elieza alisema Machi si mwezi wa kwenda milimani, ningoje mvua ikatike, nami nililia siku mbili mpaka akakubali. Kulikuwa na lori la mfanyabiashara mmoja wa Njombe lililopeleka chumvi na sabuni kwenye maduka ya huko juu, na dereva wake aliitwa Agustino, Mkatoliki, mtu asiye na maneno mengi, ambaye sifa yake ilikuwa kwamba haingii mto wowote kabla hajashuka na kuwauliza wenyeji wa pale. Lakini Agustino anajua Kibena na Kiswahili tu, basi nilipomwambia kwamba Kikinga ni lugha ya mama yangu alifurahi, akanipa kiti cha mbele karibu naye.

Siku ya kwanza tulitoka Makambako tukafika Njombe jioni kwa sababu ya tope, nikalala kwa shangazi yangu, mtaa wa Mjimwema. Asubuhi tukachukua abiria wengine katika mtaa wa Ramadhani, hapo hapo Njombe, na kati yao alikuwepo Vestina, mama wa umri wa mama yangu, aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua, amebeba kikapu cha unga wa ulezi wa kumpikia mzazi uji. Mume wake Mzee Linus alimsindikiza mpaka kwenye lori, akakifunga kikapu kwa kamba yeye mwenyewe, akamwomba Agustino aende polepole. Agustino akamjibu kwamba hana haraka yoyote. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Tulipanda milima katika ukungu mpaka saa nne, halafu jua likatoka, na saa nane mchana tukafika kwenye mto nisioutaja. Hauna daraja, ni mahali pa kuvukia penye mawe, na siku ile pale tuliposimama jua lilikuwa linawaka na maji hayakuvuka ugoko wa mtu mzima, mawe ukiyaona, ila rangi ya maji ilikuwa imeanza kugeuka nyekundu na majani mabichi yalikuwa yanapita, na ukitazama juu milimani kulikuwa na wingu jeusi limekaa pale halisogei. Kando ya njia wanawake walikuwa wanapalilia viazi. Agustino akasimamisha lori akashuka kama desturi yake, nami nikashuka naye, na mmoja wa wale wanawake, bibi mmoja mwembamba ambaye baadaye nilijua jina lake ni Hulda, akaja na jembe lake begani, akatusalimu, akaonyesha juu kwenye wingu.

Akaniambia kwa Kikinga, na maneno yake nayakumbuka yote: "Mwambie dereva asiingie. Kule juu inanyesha tangu asubuhi, na maji yake yako njiani yanakuja. Waleteni watu kwetu mlale, moto upo na viazi vipo. Kesho au kesho kutwa yatapungua, nitawaonyesha mimi mwenyewe pa kupita."

Agustino akanigeukia akauliza, "Anasemaje?"

Mshauri, nilitazama maji nikaona ni machache, nikafikiri nitalala pale siku mbili au tatu na mama yangu atazikwa bila mimi, nikaona bibi huyu ni mwoga tu kama wazee wengine, na yote hayo niliyafikiri kwa muda mfupi kuliko huu ninaoutumia kuyaandika. Nikasema, "Anasema tupite upesi, kabla maji hayajaongezeka."

Agustino akauliza tena kama nimesikia vizuri, kama kweli amesema tupite. Nikasema ndiyo.

Akapanda, akawasha, nami nikapanda. Bibi Hulda alidhani tunageuza lori kwenda kwao, na alipoona magurudumu ya mbele yanaingia majini alitupa jembe, akaanza kukimbia kando yetu akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele. Agustino akaniuliza anataka nini tena. Nikamjibu kwamba anatuaga.

Katikati ya mto injini ikazima. Halafu tukasikia sauti kama upepo mkubwa, na hapakuwa na upepo. Sitaeleza sana, siwezi. Maji yalikuja na magogo, yakalipiga lori ubavuni likalala, na watu wa pale, waume kwa wake, walishuka mbio na kamba, wakashikana mikono wakaingia, wakatutoa mmoja mmoja. Mimi nilitolewa wa pili. Walitoa watu kumi na mmoja. Kijana mmoja wa kwao alimshika Vestina kwenye kaniki yake, na kaniki ndiyo iliyobaki mkononi. Walimpata kesho yake, mbali huko chini, wakambeba kwenye machela kwa zamu siku nzima mpaka mahali gari lilipoweza kufika, akarudishwa Njombe.

Maji yalipopungua watu wa pale walinivusha, nikaenda kwa miguu mpaka Bulongwa. Nilimkuta mama yangu ameketi jikoni anamenya viazi. Homa ilikuwa imemwacha wiki moja kabla sijaondoka kwangu. Akaniuliza nalia nini.

Nilikaa kwake wiki tatu, na katika wiki hizo maulizo yalifanyika boma. Agustino alisema mwenyeji wa pale alimruhusu kupita. Bibi Hulda aliitwa, akatembea mpaka Njombe na umri wake ule, akasema alikataza, na aliambiwa anageuza maneno ili ajiokoe. Jumbe wake alikaripiwa mbele ya watu. Agustino alinyang'anywa leseni na kazi ikaisha, sasa anamenya magome kwenye mashamba ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi. Niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha, hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikujipeleka.

Tangu hapo watu wa Njombe wanasema wenyeji wa mto ule huyazamisha magari kusudi waokote chumvi na sabuni. Madereva hawasimami pale tena, wanapita wakiwatukana. Nimesikia kwamba na wao sasa wakiona lori hawashuki, wanatazama tu kutoka shambani.

Na hili ndilo linalonifanya nikuandikie. Mwinjilisti wetu Danieli anapanga safari ya kwaya kwenda kuzindua kanisa jipya ng'ambo ya mto huo, kwenye Pasaka, watu zaidi ya thelathini, lori litaondoka hapa Jumanne ya wiki kuu, na mvua za Aprili unazijua. Juma lililopita alikuja nyumbani na karatasi yake ya mipango, tutalala wapi, tutakula nini, akasema kamati imenichagua mimi niwe mkalimani na kiongozi wa njia kwa sababu naijua. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kuhusu mto. Akasema, "Pale hatutasimama, Mama Ema. Wale watu si wa kuulizwa kitu. Dereva ataingia moja kwa moja." Binti yangu Ema ana miaka kumi na mitatu, naye ni mwimbaji katika kwaya hiyo.

Tangu siku ile sili vizuri. Mvua ikianza kwenye bati natoka nje kutazama mawingu yako upande gani. Naogopa nikinyamaza watazama wote na mwanangu akiwamo, naogopa nikisema nitafungwa, naogopa Elieza atanirudisha kwetu, naogopa uso wa Mzee Linus kuliko vyote hivyo. Nimefikiri nijitie mgonjwa mimi na Ema tubaki nyumbani, lakini wengine je? Nimefikiri nimwambie mwinjilisti kwamba nimeota ndoto mbaya, labda ataahirisha. Na tena nafikiri, mshauri, kwamba sikusema uongo mtupu, maana bibi alisema kweli kwamba maji yanakuja, mimi niliongeza tu hilo neno upesi. Nishauri. Nifanye nini nisipoteze kila kitu?

Ni mimi,
Mama Ema

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama Ema,

Jibu hili nalituma kwa posta siku hii hii barua yako iliponifikia, maana tukingoja zamu ya gazeti utakuwa umeshapanda lori. Sitalichapa mpaka uniruhusu. Karatasi ya anwani nitaichoma nikishafunga bahasha.

Kwanza pole. Pole ya kweli, kwa kuwa mtoto anayekwenda kumzika mama yake akili yake haitulii, na mimi si mtu wa kusema ningekuwa mahali pako ningefanya vizuri zaidi. Ulitazama maji, hukutazama wingu. Wengi wetu tungetazama maji.

Lakini hapo huruma yangu inakoma kidogo. Usijifiche nyuma ya hilo neno upesi. Bibi alisema msiingie, wewe ukasema mpite. Hakuna nusu hapo. Na dereva alikuuliza mara ya pili, tena mara ya tatu mkiwa tayari majini, na kila mara ulikuwa na nafasi ya kusema simama. Umeniandikia kurasa nyingi za kuogopa kufungwa, kuogopa mume, kuogopa uso wa mzee. Bibi Hulda umemtaja kama mtu aliyekuwepo tu. Mwanamke huyu aliacha shamba lake kuwaonya, akakimbia na lori lenu, watu wake wakaingia kwenye maji yaleyale kukutoa wewe wa pili, na malipo yake ni kuitwa mwongo mbele ya serikali na mwizi wa sabuni katika wilaya nzima. Mwaka mzima umekaa Makambako unayasikia hayo na kunyamaza. Hilo ndilo ningeliogopa zaidi ya mvua.

Tena angalia uongo wako umefika wapi. Sasa mwinjilisti, mtu mwema bila shaka, anapanga kuwapeleka watoto wa watu mtoni bila kumuuliza mtu. Umewanyamazisha wale waliokuwa wakiuonya ulimwengu pale bila kulipwa. Mto haukuwa na kibao, haukuwa na mlinzi, wao ndio walikuwa kibao. Ukikaa nyumbani na Ema umemwokoa mmoja, na thelathini umewaacha waende wakiwa hawajui unalolijua. Ugonjwa wa kujitia usiufikirie tena. Na ndoto usizungumze habari zake kabisa, umeshatunga ya kutosha.

Leo, ukimaliza kusoma, mwambie mume wako. Usingoje chakula kiive. Yeye ndiye aliyesema Machi si mwezi wa kwenda milimani, ana haki ya kujua kilichotokea alipokisikiliza kilio chako. Akikasirika, mwache akasirike. Halafu, pamoja naye au peke yako, nenda kwa Mwinjilisti Danieli umweleze neno kwa neno, alichosema bibi na ulichosema wewe. Huko ndiko kuna hatari ya maisha ya watu, kwa hiyo huko ndiko mwanzo.

Mweleze na hili, useme limetoka kwangu kama anapenda kukasirikia mtu. Kanisa likizinduliwa Juni halipungukiwi kitu. Njia ile wakati wa masika si ya watu thelathini juu ya lori moja. Ngojeni mvua ikatike na udongo ukauke. Hata hapo, msitoke Njombe kabla ukungu haujapanda, na msifanye safari ya siku mbili kuwa ya siku moja kwa ajili ya haraka ya mtu mmoja. Pelekeni habari mapema kwa majumbe wa kila mahali mtakapopita, siyo barua ya kuamuru, ni mtu wa kwenda kwa miguu na kuuliza: je, tukija siku fulani njia yenu ikoje, na mnapenda tupite vipi? Watu wana mazishi yao, wana kazi zao za shamba, wana mashaka yao juu ya wageni, na safari hii wana sababu. Mkifika mtoni wote washuke. Dereva asimame na mwenyeji uso kwa uso, na mwenyeji aonyeshe kwa mkono, mkono hauhitaji mkalimani. Mkalimani asiwe mmoja. Wawe wawili, na mwenye mgonjwa nyumbani asiwe mkalimani. Akisema mlale, mnalala, hata kama jua linawaka juu ya vichwa vyenu.

Kisha Agustino. Yeye naye alikuwa na macho ya kuona maji yanabadilika rangi, sitamsafisha kabisa, lakini aliuliza, na aliyemjibu ni wewe. Mwambie kabla hujaenda boma, asije akasikia kwa mtu wa barabarani. Baada yake nenda boma ukaandikishe maneno yako. Sitakudanganya kwamba watakupa kiti na chai. Sijui watafanya nini. Huenda wakakukaripia, huenda ikawa zaidi. Nenda na mume wako kama atakubali, au na mwinjilisti, usiende peke yako, na ukifika usilie kabla hujamaliza kusema.

Kwa Mzee Linus utakwenda mwisho. Usimwombe msamaha kwenye sentensi ya kwanza, utakuwa unamtwisha kazi. Mweleze tu jinsi mkewe alivyokufa na kwa nini. Akikufukuza, ondoka taratibu. Akinyamaza, nyamaza naye.

Umeniuliza ufanye nini usipoteze kila kitu. Utapoteza baadhi. Nenda.

*

Wasomaji, majibu hayo niliyatuma tarehe tisa Machi. Mwishoni mwa Mei Mama Ema ameniruhusu niyachape pamoja na barua yake, akaongeza mistari hii.

*

Mshauri,

Nilifanya kama ulivyosema, ila si kwa ushujaa wowote. Elieza hakunirudisha kwetu. Siku nne hakusema na mimi, ya tano akasema tutakwenda wote. Mwinjilisti Danieli alisikiliza mpaka mwisho, akatoa karatasi yake ya mipango mfukoni akaichana, halafu akasema yeye mwenyewe amewahi kuwasema vibaya wale watu kwenye mahubiri. Safari imesogezwa mpaka mwisho wa Juni. Ametuma mtu kwa miguu kwa jumbe wa pale kuomba radhi na kuuliza habari za njia, na jibu lilikuja kwamba kuombwa radhi wamesikia, na njia watatuonyesha tukifika.

Agustino nilimkuta kwenye miwati, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa magome. Hakuacha kazi wakati nasema. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile sikumsikia bibi vizuri, au kama nilimsikia. Niliona usoni mwake anataka niseme sikusikia vizuri. Nikasema nilimsikia vizuri. Akaweka panga chini akasema, "Basi twende boma sasa hivi, kabla hujabadili." Akatangulia mbele njia nzima, mimi na Elieza tukamfuata nyuma.

Boma karani aliandika kurasa mbili, nikatia sahihi. Niliambiwa nirudi nyumbani nisiende safari ya mbali bila ruhusa, nitaitwa. Mpaka leo sijaitwa. Kila gari likisimama hapa nje nachungulia dirishani. Agustino ameambiwa habari ya leseni yake itaangaliwa upya, lakini bado anamenya miwati, na tukikutana sokoni hanisalimu. Safari ya Juni nimeiombea ruhusa. Wakinikatalia, Ema atakwenda na mwinjilisti.

Kwa Mzee Linus, mtaani Ramadhani, nilikwenda na Elieza Jumapili alasiri. Nilimweleza. Hakunifukuza. Alichochea mkaa kwenye jiko, kisha akatuambia jambo ambalo hata mwinjilisti hakulijua, kwamba siku ya mazishi wale waliombeba Vestina walitembea mpaka Njombe kuja kumpa pole, watu sita na yule Bibi Hulda, wamebeba viazi na kuku wa matanga, na yeye Linus aliwasimamisha mlangoni, hakuwapa hata maji ya kunywa, akawaambia wamekuja kutazama kama maiti yao imefika. Wakaweka viazi chini wakarudi. Hakuvila, aliwapa nguruwe.

Akaniuliza lori linaondoka lini. Nikamwambia. Akasema atapanda nasi, na tukifika mtoni tumwache ashuke kwanza yeye, peke yake, sisi tukae garini mpaka atakapotuita.

Mama Ema

*

Mama Ema, kuhusu kuitwa boma sina dawa ya kukupa, utangoja kama wanavyongoja wengine. Lakini Juni kule juu asubuhi kuna sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, na mzee atakuwa amekaa upande wa upepo. Mchukulie blanketi la pili.

Mshauri